Dalali Hakuita

Miaka sita Clementina alikuwa hajapatana bei na mtu. Usicheke. Wewe ambaye hata fungu la nyanya hulichukui kabla hujamwambia muuzaji kwamba zimeoza, hebu jaribu kuishi mahali ambapo kila kitu kimebandikwa bei kama jina kwenye msalaba wa kaburi. Muuzaji hakuangalii usoni. Anagonga mashine yake, anataja jumla, anasema asante. Unatoka na mfuko wako, na tangu uingie hadi utoke hakuna aliyekuita mama, wala aliyekuapia kwamba anakuuzia kwa hasara kwa kuwa amekupenda.

Mama yake Clementina aliuza dagaa wa Ziwa Nyasa katika soko la Songea, na binti alikulia chini ya meza ile. Kabla hajajua kusoma alikwisha kujua mteja yupi anatania na yupi hana pesa kweli. Kipaji hicho alikuja nacho Stockholm, na kilikuwa kimekaa bure kama mwavuli kiangazi.

Kwa hiyo jioni ile mumewe, Evodius, alipomwambia kuwa katika nchi hii kipo kitu kimoja ambacho bei yake haijabandikwa, nacho ni nyumba, aliweka pasi chini.

"Unasema kweli, Baba Getrude?"

"Kweli. Dalali anataja bei, na wewe unasema yako."

"Na anabishana?"

"Hilo sijui. Ila unasema yako."

"Basi nyumba nitainunua mimi," alisema Clementina. "Wewe utabeba tu kalamu ya kutia sahihi."

Evodius alicheka, na yeye akacheka. Siku hizo walikuwa hawacheki mara nyingi.

Nyumba yenyewe haikuwa anasa, na hapa lazima niseme wazi kilichokuwa mezani. Walikuwa wanaishi Rinkeby, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya tano, katika majengo mapya yasiyofika hata miaka kumi, yenye maji ya moto mchana na usiku na lifti isiyoharibika. Raha mustarehe, ungesema. Lakini jirani wa mlango wa kulia Clementina alimjua kwa viatu tu, na wa kushoto kwa vikaratasi. Akichelewa robo saa kutoa nguo zake katika chumba cha kufulia, kesho yake anakuta kikaratasi kimebandikwa: *Zamu huisha saa mbili kamili.* Siku moja aliomba samahani kwa kugonga mlango na kupeleka sahani ya maandazi. Sahani ilirudi imeoshwa, imewekwa sakafuni mbele ya mlango wake, na kikaratasi juu yake: *Asante.* Alikaa jikoni na kikaratasi kile mkononi, akalia kama mtu aliyefiwa.

Mwezi wa Januari mwaka ule wa 1977 ikaja barua kutoka hospitali ya misheni kwao. Sista mkuu alimwandikia kuwa wanamhitaji, nafasi yake ya uuguzi ipo, wataishikilia mpaka mwisho wa Juni. Kwao alikuwa muuguzi kamili. Huku alikuwa msaidizi wa kubadilisha mashuka na kusukuma vitanda. Aliisoma barua ile mara tatu, kisha akamwambia mumewe neno moja bila kupamba: "Nikipata mlango unaofunguka kwenye udongo, na jirani wa kumwamkia asubuhi, nitabaki. Nisipopata, mimi na mtoto tutarudi nyumbani."

Evodius hakutaka kurudi. Alikuja kusomea ufundi, akapata kazi katika uwanja wa ndege wa Arlanda, ya kutengeneza mitambo ya kubebea mizigo ya abiria, na alipenda mitambo kwa sababu haikumuuliza ametoka wapi. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Tutafute nyumba."

*

Ilikuwa Jumapili ya Mei, jua kali na upepo baridi, watu wa huku wamevua makoti kwa imani tu. Walishuka kituo cha treni cha Märsta, wakatembea dakika kumi na tano, Getrude mwenye miaka saba akiruka mistari ya barabarani. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mbao, rangi ya njano iliyopauka, vyumba vitatu na jiko, na nyuma yake kitalu cha viazi chenye ukubwa wa mikeka minne. Clementina alipokiona kile kitalu moyo ulimruka paa! Alishaona maboga yake pale, na maharage yamepanda kwenye vijiti. Haraka akaukunja uso. Mteja anayeonyesha meno hupigwa bei.

"Usiisifie," alimnong'oneza mumewe. "Hata wakikupa kiti, kaa kama kina mwiba."

Dalali alikuwa bwana mmoja mrefu aitwaye Sundelius, mwenye suti ya rangi ya kahawia na jalada la karatasi kwapani. Aliwapa mkono wote watatu, hata mtoto. Mwenye nyumba naye alikuwepo, bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, jina lake Signe. Alikuwa ameandaa kahawa na biskuti za aina tano, na vikombe vya maua ambavyo bila shaka havitoki kabatini ila kwa wageni.

Kwa miaka sita hiki kilikuwa kikombe cha kwanza cha Clementina katika nyumba ya Mswidi. Alikinywa polepole.

"Mtoto anaitwa nani?" aliuliza Bibi Signe.

"Getrude," akajibu mtoto mwenyewe, kwa Kiswidi cha pale pale, kama maji.

"Lo! Jina la dada yangu hilo," bibi akasema, akamwongezea biskuti. "Chumba cha juu kina dirisha linaloelekea msituni. Asubuhi wanakuja swala."

Getrude alimwangalia mama yake kwa macho ya kusihi. Clementina akajifanya hakuona. Aliinuka, akaanza kazi.

Nataka uelewe kuwa Kiswidi chake kilikuwa kizuri. Miaka mitano wodini, kati ya wazee wanaonung'unika, hufundisha lugha kuliko shule. Alichosema alikisema sawasawa na kilisikika sawasawa. Alipapasa ukuta wa jikoni, akatikisa kichwa. Jiko hili la zamani sana, akasema. Makabati yamechoka. Akafungua mlango wa chumba cha chini, akanusa: unyevu. Akakanyaga ubao wa ngazi ukalia, akaukanyaga tena ili kila mtu asikie. Madirisha yanapitisha baridi. Rangi ya nje, Mungu wangu, nani atapaka? Na kituo mbali.

Kwao mwenye mali angeruka pale pale! Angesema: unyevu gani, mama, hebu shika hapa, pakavu kama unga! Jiko hili limelisha watoto wanane, wewe unaliitaje zee? Wangebishana, wangecheka, na katikati ya ubishi wangejuana.

Bwana Sundelius aliandika. Kila kasoro aliyoitaja Clementina, yeye aliiandika katika jalada lake, kwa heshima, kwa mwandiko mdogo. Na Bibi Signe alikuwa ameweka kikombe chini. Alilitazama jiko lake kana kwamba ameambiwa mtoto wake yuko polisi.

"Marehemu mume wangu ndiye aliyetengeneza makabati," alisema taratibu.

Evodius alimvuta mkewe mkono wa blauzi. "Mama Getrude, inatosha."

"Niache. Sijafika hata nusu."

Walikaa tena mezani. Dalali alitaja bei: kroni elfu mia mbili na kumi na tano. Benki ilikuwa imekwisha kuwakubalia mkopo, na pamoja na akiba yao wangeweza kufika mia mbili na kumi na mbili, na hapo wangekuwa wamekwangua sufuria. Lakini huanzi na sufuria iliyokwanguliwa.

"Mia na themanini," alisema Clementina.

Alisubiri. Alisubiri ile "Ha!" ya muuzaji, mikono juu, macho kwa Mungu. Bwana Sundelius akaandika mia na themanini.

"Nimeandika," alisema. "Nadhani ni wajibu wangu kusema kuwa muuzaji hawezi kushuka hivyo. Nilizungumza naye. Angekubali mia mbili na nane. Mnaweza kufika mia mbili na nane?"

Mia mbili na nane! Evodius alivuta pumzi, na Clementina aliisikia pumzi ile ikitaka kusema ndiyo. Akamkanyaga mguu chini ya meza. Dalali mjinga gani huyu? Muuzaji anayeshuka elfu saba bila hata kubishana, ana elfu nyingine saba mfukoni. Hapa ndipo mama yake angefunga khanga yake upya, ainue kikapu, aseme basi, mwanangu, uza kwa mwingine. Na angeondoka. Hatua tano, hatua kumi. Na lazima aitwe. Haijatokea kamwe Songea mtu akaacha kuitwa.

"Hapana," alisema Clementina, akasimama. "Ni nyingi mno. Basi. Asanteni kwa kahawa."

"Hapana?" aliuliza dalali, kalamu juu ya karatasi.

"Hapana."

Bwana Sundelius aliandika hapana.

Mlangoni Bibi Signe alimshika Getrude shavu, akamtilia biskuti mbili katika mfuko wa koti. Kisha wakatoka, wakakata njia kuelekea kituoni, Clementina mbele, kifua juu.

"Usigeuke nyuma," alisema. "Ukigeuka tu, elfu tano zimekwenda."

"Na wasipoita?"

"Wataita. Tembea polepole kidogo. Usionekane unakimbia, usionekane unangoja."

Walitembea polepole. Getrude alitaka kugeuka ampungie bibi mkono, mama yake akamgeuza kichwa mbele. Walipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walifika barabara kuu. Nyuma yao palikuwa na kimya, na ndege fulani akilia juu ya mti.

"Hawa hawapigi kelele barabarani," alisema Clementina walipoketi ndani ya treni. "Wana adabu zao. Watapiga simu."

*

Jumatatu hakuna aliyepiga simu. Haidhuru, alisema Clementina, siku ya kwanza muuzaji huvimba. Jumanne aliomba ruhusa kazini akisema anaumwa kichwa, akakaa nyumbani. Simu ilikuwa ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Alipika akiwa ameipa simu uso. Alienda chooni akiacha milango wazi.

Saa tano simu ikalia. Akaiacha ilie mara nne, kwa sababu mtu anayenyakua simu ni mtu mwenye shida, kisha akaipokea kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi.

"Clementina, ni mimi Damalie!" Damalie alikuwa rafiki wa Kiganda aliyekimbia kwao na mumewe Ssemakula, sasa wako Hallunda, kusini kabisa, karibu na mwisho wa reli nyingine. "Banange, nasikia mnanunua nyumba!"

"Damalie, kata simu."

"Eh! Salamu gani hiyo?"

"Nangoja dalali anipigie. Nimemkatalia Jumapili, sasa anipigie anirudishe. Ukikaa kwenye laini ataona imejaa."

Damalie alikuwa na Kiswahili cha kambi za jeshi na soko la Kampala, lakini kichwa chake kilikuwa kizuri.

"We ulimkatalia kabisa kabisa? Ulisema hapana?"

"Nilisema hapana. Sasa ningesemaje?"

"Dada yangu," alisema Damalie, "hawa watu ukiwaambia hapana, wanaamini. Mimi Mswidi alinikaribisha chakula, nikasema hapana asante, nimeshiba, si unajua, adabu tu. Nikangoja anilazimishe. Akaondoa sahani! Nilienda nyumbani na njaa. Pigia dalali, leo leo."

"Chakula ni chakula. Nyumba ni biashara. Anayepiga simu kwanza ndiye anayelipa."

"Haya, mama. Mimi nimesema."

Clementina alikata simu, akakaa. Maneno ya Damalie yalimwingia, asikudanganye mtu. Mara mbili alinyanyua mkono wa simu, mara mbili akaurudisha. Lakini alijiona na mama yake pale sokoni, akirudi mwenyewe kwa muuzaji, kichwa chini, kusema basi nipe kwa bei yako. Aibu gani! Watoto wa soko zima wangezomea. Na tena kilikuwapo kitu kingine, ambacho hakumwambia hata mumewe. Alitaka aitwe. Miaka sita katika mji huu hakuna aliyemkimbilia kumwambia rudi, rudi bwana, tuzungumze. Alitaka mara moja tu asikie sauti ikimfuata.

Jioni Evodius alirudi na harufu ya mafuta ya mitambo. Alitazama simu, kisha akamtazama mkewe.

"Kesho nitampigia mimi," alisema. "Nitasema mia mbili na nane, tumalize."

"Ukimpigia umenivua nguo mbele ya watu."

"Watu gani, Clementina? Hapa kuna watu gani?"

Clementina alimjibu kwa ukali. "Evodius, hii kazi uliniachia mimi. Niachie mpaka Ijumaa."

"Sawa," alisema Evodius, akaenda kunawa.

Jumatano. Alhamisi. Ijumaa mvua ilinyesha siku nzima, na simu ililia mara moja, mtu akiuliza kama hapo ni kwa daktari wa meno.

*

Jumamosi asubuhi, Evodius akiwa zamu Arlanda na Getrude akichora mezani, Clementina alivaa viatu. Hakuwa anakwenda popote. Aliona tu hawezi kusema maneno yale miguu mitupu. Akapiga namba.

Bwana Sundelius alimkumbuka mara moja, na alifurahi kwa adabu. Ndiyo, ndiyo, nyumba ya Märsta.

"Nimefikiri," alisema Clementina. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri. "Mia mbili na tano. Na kama muuzaji anashikilia, basi mia mbili na nane."

"Ah," alisema dalali. "Pole sana. Mkataba ulitiwa sahihi Alhamisi. Wameshalipa arubuni."

Clementina alikishika kitasa cha mlango. "Kwa bei gani?"

"Mia mbili na sita. Kijana mmoja na mchumba wake."

Mia mbili na sita. Elfu mbili chini ya bei waliyopewa wao mkononi, na kahawa juu.

"Mbona hukunipigia?" alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaichukia.

Dalali alishangaa kweli, si kama mtu anayetafuta uongo. "Lakini ulisema hapana," alisema. "Nilikuuliza mara mbili. Mtu mzima akisema hapana, nikimfuata tena ninamsumbua. Hiyo si heshima. Sisi hatufanyi hivyo."

"Nilikuwa nakungoja."

"Hata Bibi Signe alikuwa anangoja," alisema dalali. Huenda alidhani anampoza, maskini. "Alinipigia Jumatatu na Jumanne kuuliza kama mmebadili mawazo. Aliwataka ninyi, kwa ajili ya mtoto. Alisema alisimama dirishani mpaka mkapinda kona, akitegemea mtageuka angalau kumuaga. Akasema, hawa nyumba yangu imewachukiza. Sikuwa na la kumwambia. Jiko lilikuwa limewachukiza sana, si ndiyo?"

Clementina alisema asante. Hilo ndilo neno lililokuja. Aliurudisha mkono wa simu ukutani, akabaki amesimama na viatu vyake.

"Mamma," Getrude akaita bila kuinua kichwa, na akauliza kwa Kiswidi kama swala wanaweza kuchorwa na mkia.

"Sema Kiswahili," alisema mama yake.

Mtoto alifikiri. Kisha akasema kwa Kiswidi kwamba hajui swala kwa Kiswahili wanaitwaje.

*

Majuto ni mjukuu, na mjukuu yule alikaa nao mezani jioni ile. Clementina alimweleza mumewe kila kitu. Hakuficha hata habari ya dirisha. Alitaka agombezwe. Laiti Evodius angepiga meza, angesema si nilikuambia, kichwa ngumu wewe, mia mbili na nane tulikuwa nayo! Angemjibu, wangepandishiana sauti mpaka jirani wa kushoto aandike kikaratasi, na baadaye wangelala wamechoka, mgongo kwa mgongo lakini pamoja.

Evodius alikunja gazeti lake mara nne.

"Imekwenda," alisema. "Haina haja ya maneno."

"Haina haja?"

"Maneno yatarudisha nyumba?"

Pale ndipo alipochemka. Alisema asiyotaka kuyasema, au aliyotaka kuyasema kwa mtu mwingine ambaye angeyashika na kuyarusha. Alisema amechoka na nchi ya kimya na mume wa kimya. Alisema mtoto wake anaota kwa lugha asiyoijua bibi yake. "Basi mimi naenda zangu," alisema. "Nilikuambia Januari. Nyumba hakuna. Mwisho wa Juni nafasi yangu hospitalini inafungwa. Mimi na Getrude tunaondoka, wewe baki na mitambo yako."

Akasimama, akaelekea chumbani. Hatua tano, hatua kumi. Si safari ndefu, vyumba vya Rinkeby unavijua. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mlango nusu wazi, akasikiliza. Alimsikia Evodius akivuta kiti. Akasikia maji ya bomba. Akasikia sahani zikioshwa, moja moja, na kupangwa.

Juma lile waliishi kama wasafiri wawili katika hoteli moja. Habari za kazi? Nzuri. Mtoto amekula? Amekula. Clementina alishusha sanduku juu ya kabati, akaliacha wazi katikati ya chumba, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kuliruka. Evodius aliliruka asubuhi na jioni. Siku moja alilisukuma pembeni kidogo, kwa uangalifu, asije akajikwaa mtoto.

Alhamisi alirudi mapema. Alivua koti, akatoa bahasha, akaiweka mezani mbele ya mkewe aliyekuwa anachambua mchele. Ndani mlikuwa na tiketi mbili, ya mtu mzima na ya mtoto, Arlanda hadi Dar es Salaam, tarehe ishirini na nne Juni.

"Mwenzangu mmoja kazini amenisaidia kupata za bei nafuu," alisema. "Kutoka Dar hadi Songea nitatuma hela ya basi. Nimeomba upate kiti cha dirishani, kwa ajili ya Getrude."

Clementina aliziangalia tiketi. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri, bila kosa, herufi kubwa.

"Umezinunua," alisema.

"Ulisema unaondoka."

"Nilisema."

"Nilitaka heshima yako isivunjike," alisema Evodius. Alikuwa bado amesimama, mikono yake mikubwa ya ufundi haijui pa kukaa. "Sikutaka uonekane unaniomba nauli. Siku tano sikulala, Clementina. Nilisema, mtu mzima ameamua, mimi nani nimzuie?"

Basi kumbe alikuwa hajalala. Siku tano amelala karibu naye hajalala, na hakusema. Clementina alidhani ni hasira iliyompanda, kumbe ni kilio.

"Tangu lini umekuwa Mswidi, Baba Getrude?" alisema. "Ile ilikuwa bei ya kwanza. Bei ya kwanza hailipwi! Mtu anakutajia kitu kikubwa kama hicho, wewe unatoa pochi, unalipa yote, hubishani hata senti? Mimi nina thamani ya hivyo, ya kutobishaniwa?"

Evodius alimtazama mkewe kama mtu anayeamshwa. Alivuta kiti, akaketi, akaweka viganja vyake viwili juu ya bahasha.

"Nilipaswa kusema nini?" aliuliza. Aliuliza kweli, alikuwa amesahau.

"Sijui. Chochote. Sema ni ghali."

Mezani palikuwa na mchele uliochambuliwa upande mmoja na usiochambuliwa upande wa pili. Evodius aliutazama kwa muda mrefu. Nje kulikuwa bado na mwanga, na ungeendelea kuwapo mpaka saa nne usiku. Sauti yake ilipokuja ilikuwa na kutu.

"Ni ghali," alisema.

"Eh."

"Ni ghali mno, mke wangu. Siwezi."

Clementina alijifuta macho kwa upande wa mkono wenye vumbi la mchele.

"Haya," alisema. "Endelea."